Robo Saa ya Kila Jioni

Hamjambo nyinyi wa Kitengela mlio ndani ya matatu hivi sasa mkingoja foleni ya Mlolongo ijongee, na nyinyi wa Isinya na Kajiado mjini mnaofunga maduka. Na kwa wenzetu wa Bissil hadi Namanga ambao ng'ombe wamekwisha kuingia bomani, supa. Jioni hii nimewaletea jambo linalowakosesha wazazi usingizi kila muhula wa tatu unapokaribia, nalo ni mitihani. Nazungumzia ile inayomfungulia mtoto mlango wa shule nyingine: intavyuu ya shule ya kibinafsi, tathmini ya Gredi ya 6, na ule wa Gredi ya 9 unaosaidia kuamua mtoto aende sekondari pevu gani. Nina hoja moja tu, na nitairudia mara kadhaa ili hata atakayefungua redio katikati aipate. Hoja yenyewe ni hii: robo saa ya maswali kila jioni, kitabu kikiwa kimefungwa, humfaa mtoto kuliko Jumamosi nzima ya tyusheni. Najua wengi hamtaikubali upesi. Basi tuketi tuipime pamoja.

Tuanze na mtihani wenyewe, kwa sababu umebadilika na sisi wazazi bado tunauogopa kwa mtindo wa zamani. Tangu 1985 hadi 2023, mtoto wa Kenya alimaliza shule ya msingi kwa KCPE. Siku tatu, basi. Miaka minane ya kusoma ilikuja kupimwa ndani ya siku hizo tatu, ndiyo maana tukazoea kukaza kamba mwishoni: taa haizimwi, mtoto anaamshwa alfajiri, karatasi za majaribio zinanunuliwa kwa mafungu. Sasa mtaala wa umilisi umeipangua hesabu hiyo. Mtoto anayepangiwa shule ya kuingia Gredi ya 10 hapimwi kwa mtihani wa mwisho peke yake. Asilimia 20 inatoka kwenye KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6, asilimia 20 nyingine inatoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na 60 iliyobaki ndiyo ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 ambao watoto wetu waliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Hebu lipime hilo, msikilizaji. Mtoto anapoketi kuandika KJSEA, alama 40 katika kila 100 zimekwisha kuamuliwa. Hakuna tyusheni ya Oktoba itakayozirudisha. Mtihani umetandazwa juu ya miaka mitatu na zaidi, nasi bado tunauandalia wiki tatu.

Lakini sitaki mkubali hoja yangu kwa sababu ya mpangilio wa alama tu. Hata KCPE ingerudi kesho, bado ningesema robo saa ya kila jioni. Kwa nini? Kwa sababu ya jinsi akili ya mtu inavyoshika na inavyosahau. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa uvumilivu mkubwa: alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani baada ya saa moja, baada ya siku, baada ya mwezi. Aligundua kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni, halafu hupungua kasi. Aligundua pia jambo linalotuhusu zaidi jioni hii. Orodha aliyoirudia mara 68 kwa mkupuo mmoja, aliweza kuijua kwa kiwango kile kile kwa kuirudia mara 38 tu, mradi marudio hayo ameyagawa katika siku tatu. Wanasaikolojia wengi waliokuja baada yake wamelipima jambo hilo kwa watoto na kwa watu wazima, kwa maneno, kwa hesabu na kwa kazi za mikono, na mwelekeo umekuwa huo huo. Sisi wa Kajiado tunao mfano wake nje ya dirisha. Mvua kubwa ikishuka kwa saa mbili juu ya ardhi iliyokauka, maji hayaingii. Yanatiririka na kuchimba makorongo, na ukifukua kesho yake unakuta udongo wa chini bado mkavu. Mvua hiyo hiyo ikinyesha kidogo kidogo kwa siku kumi, majani yanaota.

Hapa kuna mtu atasema, haya si mageni, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni nzuri, lakini kwa jambo hili inatupotosha kidogo, na naomba tuiangalie vizuri. Kibaba hakivuji. Punje uliyoitia jana utaikuta leo. Kichwa cha mtoto hakiko hivyo. Alichojifunza Jumatatu kimeanza kuponyoka Jumanne. Isitoshe, kama jambo lenyewe lingekuwa kujumlisha dakika tu, basi dakika 90 za Jumamosi zingelingana kabisa na robo saa ya siku sita. Hesabu ni ile ile, lakini matokeo hayalingani. Kazi kubwa inafanywa na ule mwanya wa kati. Jambo limeanza kuponyoka, mtoto anaulizwa, anahangaika kidogo, analivuta kutoka alikoliacha, na kule kulivuta ndiko kunakolifunga lisitoke tena upesi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena na tena. Kundi jingine lilikisoma, kisha likaambiwa lifunge karatasi na kuandika yote linayoyakumbuka. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walionekana bora. Wiki moja baadaye, waliojiuliza ndio waliokumbuka zaidi. Na mtihani, wasikilizaji, hauji dakika tano baada ya kusoma. Kwa hiyo nikisema robo saa kila jioni, sina maana ya robo saa ya kufungua kitabu na kupitisha macho. Narudia: maswali, kitabu kikiwa kimefungwa.

Robo saa hiyo ina sura gani? Mzazi anashika daftari la mtoto. Anauliza maswali mawili ya somo la jana, mawili ya wiki iliyopita, na moja la mwezi uliopita ambalo mtoto anadhani amekwisha kuachana nalo. Theluthi ya 27 ni ngapi? Neno "maji" liko katika ngeli gani? Ukiwa na mbuzi 60 na robo yao wakauzwa mnadani Bissil, unarudi nyumbani na wangapi? Mtoto ajibu kwa mdomo au kwa penseli, kisha kitabu kifunguliwe tuone. Alilokosa liandikwe kwenye daftari dogo la makosa, na liulizwe tena kesho, na tena baada ya siku tatu, na tena wiki ijayo. Kuchanganya masomo hivyo kunamsumbua mtoto, na kunapaswa kumsumbua, kwa kuwa mtihani nao hauji na maandishi ukutani kwamba sasa tunafanya sehemu na sasa tunafanya asilimia; mtoto analazimika kutambua mwenyewe anaulizwa nini. Mada mpya isifundishwe katika robo saa hii. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Na saa ikifika, simamisheni, hata kama mtoto anataka kuendelea. Zoezi linalomwacha na hamu atalirudia kesho. Lililomchosha hadi machozi atalikimbia, na mkilikosa siku tatu mfululizo limekufa. Jambo jingine ambalo naliamini kwa dhati: pasiwe na kofi wala neno la kumvunja moyo ndani ya robo saa hiyo. Mtoto anayeogopa kukosea huacha kujibu, na asipojibu zoezi zima limekosa kazi.

Sasa tuje kwenye mapingamizi, maana najua yapo. La kwanza ni la jirani. Utasikia: mbona mtoto wa jirani anaenda tyusheni Jumamosi kutwa na likizo nzima, na mama yake anaona tofauti? Kwanza, tyusheni ya likizo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na ni vizuri tukumbuke hivyo kabla hatujailipia. Pili, na hapa ndipo penye funzo, kusoma kwa mkupuo humfanya mtu ajisikie amejua. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1978 juu ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Alan Baddeley na mwenzake waliwagawa katika makundi: wengine walifanya mazoezi saa moja kwa siku, wengine saa nne. Wale wa saa moja walifikia ujuzi kwa jumla ya saa chache zaidi. Lakini walipoulizwa wameridhika vipi na mafunzo, wao ndio waliolalamika kuliko wote, kwa sababu siku zilikuwa nyingi na walijiona wanabaki nyuma ya wenzao. Mnaona? Njia iliyowafaa ndiyo iliyowaudhi. Ndivyo ilivyo kwa mzazi anayemwona mwanawe akitoka tyusheni Jumamosi jioni, kichwa kimejaa, majibu yako mdomoni. Furaha hiyo ni ya kweli, ila imepimwa mapema mno. Muulize maswali yale yale Jumamosi inayofuata. Wafugaji wanalijua hili: ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada.

Pingamizi la pili ni la wakati, na hili nalichukua kwa uzito wote. Kitengela ni mji wa watu wanaofanya kazi kwingine. Baba yuko Industrial Area, mama yuko EPZ pale Athi River. Wanatoka nyumba ikiwa giza na wanarudi nyumba ikiwa giza. Utamwambia mtu huyu aongeze kazi nyingine? Jibu langu ni kwamba robo saa ni ndogo kiasi cha kuingia ndani ya shughuli iliyopo tayari. Maji ya ugali yakiwa jikoni yanachemka, maswali matano yanaulizika. Ikiwa mtoto atakuwa amelala utakapofika, piga simu ukiwa kwenye matatu, umuulize kwa simu. Dada wa nyumbani anaweza, kaka wa Gredi ya 8 anaweza, na yeye mwenyewe atafaidika kwa kuuliza. Siku mbili katika wiki zikiponyoka, hakuna kilichoharibika. Nisichokikubali ni kumwamsha mtoto saa kumi usiku ili afidie. Usingizi ni sehemu ya kujifunza. Usiku ndipo akili inapoyapanga ya mchana. Mtoto wa Kitengela anayepanda basi la shule kabla ya mapambazuko tayari ana upungufu wa usingizi, na kumpunguzia saa nyingine ni kumnyang'anya kwa mkono mmoja unachompa kwa mwingine.

La tatu ni pingamizi ambalo watu hawalisemi kwa sauti, kwa aibu isiyo na sababu. Mama anasema moyoni, mimi sikusoma, nitamuuliza nini mtoto wa Gredi ya 6 na hata Kiingereza sikijui? Mama yangu, sikiliza. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watafiti nchini Botswana walijaribu kitu rahisi sana. Familia moja moja ilipigiwa simu mara moja kwa wiki, kwa takriban dakika 20, mzazi akawekwa kwenye simu pamoja na mtoto, wakapewa mazoezi mepesi ya hesabu. Watoto waliopigiwa simu walijifunza hesabu kwa kiwango kilichoonekana wazi, huku waliotumiwa ujumbe mfupi peke yake wakiambulia kidogo. Baadaye mpango huo ulijaribiwa katika nchi nyingine tano, Kenya yetu na Uganda zikiwemo, na ukaonyesha faida tena. Wazazi wale hawakugeuzwa kuwa walimu. Walikuwapo, wakasikiliza. Wewe usiyesoma una maswali mawili yanayotosha kwa mada yoyote: "Leo mmefundishwa nini? Nieleze mpaka nielewe." Kisha nyamaza, umngoje. Mtoto akikueleza kwa Kimaasai au kwa Kiswahili kile alichofundishwa kwa Kiingereza, amefanya kazi ngumu zaidi ya kukariri, kwa sababu hawezi kutafsiri asichokielewa. Akikwama, utajua pale alipokwama hata kama hulijui jibu. Mwambie akamuulize mwalimu kesho, na kesho jioni akuletee jibu.

Kuna wanaosema pia kwamba mtaala mpya hautaki kukariri, unataka mtoto abuni na atende, kwa hiyo maswali ya kila jioni ni mambo ya kale. Sikubaliani nao. Mtoto anayetafuta saba mara nane kwa vidole katikati ya swali la kupima eneo la shamba hana nafasi akilini ya kulifikiria shamba. Anayekumbuka bila kutafuta ndiye mwenye nafasi ya kubuni. Tuliona pia nchini mwetu jinsi utaratibu wa kila siku unavyofanya kazi katika mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015: somo fupi la kusoma kila siku, kitabu kwa kila mtoto, mwalimu akisaidiwa na maafisa waliomtembelea darasani. Tathmini zake zilionyesha watoto wa madarasa ya chini wakisoma vizuri zaidi ya waliowatangulia. Haki inanidai niseme kwamba vile vitabu na yale matembezi ya maafisa vilichangia pia, si ufupi wa somo peke yake. Hata hivyo, kila siku ilikuwa ndiyo nguzo.

Niseme neno kuhusu wadogo kabisa, wa miaka mitano na sita, wanaopelekwa intavyuu ya kuingia Gredi ya 1. Sheria ile ile ya 2013 hairuhusu shule ya msingi ya umma kumpa mtoto mtihani ili kuamua kama atapokewa. Kinachoruhusiwa ni kumpima ili apangwe darasa linalomfaa. Shule za kibinafsi zina taratibu zao, na katika mji uliokua haraka kama Kitengela, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000, wazazi hupigania nafasi na intavyuu hugeuka kizingiti. Nasema wazi kwamba sipendezwi na jambo hilo. Mtoto wa miaka mitano hapaswi kurudi nyumbani akijua kwamba ameshindwa. Robo saa yake isiwe na karatasi za majaribio hata kidogo. Msomee hadithi, umwambie akusimulie tena. Ahesabu vifuniko vya soda, ahesabu mbuzi wakiingia zizini, atafute herufi ya jina lake kwenye mabango ya barabarani. Hilo litamsaidia siku ya intavyuu, na hata isipokuwapo intavyuu yoyote, halitapotea.

Naona dakika zetu zinayoyoma, lakini pingamizi la mwisho ndilo lililo zito kuliko yote na siwezi kulipita. Wapo watoto katika kaunti hii ambao shida yao haianzi na mtihani. Kiangazi kikali kilichoanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023 kiliua mifugo mingi ya wafugaji. Familia zilihama kutafuta malisho na maji, karo ikakosekana, na wako watoto walioacha darasa kwa miezi. Kumwambia mzazi kama huyo habari ya robo saa bila kutaja chakula cha shuleni, barabara, na umbali wa kilomita nyingi ambao mtoto anautembea, kungekuwa kumkosea heshima. Robo saa haimlishi mtoto mwenye njaa. Haijengi darasa pale Mashuuru wala haileti mwalimu pale Magadi, na viongozi wa kaunti na wa kitaifa wasije wakaitumia kama kisingizio cha kutofanya yaliyo juu yao. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba maswali matano hayahitaji umeme, hayahitaji intaneti, wala dawati. Mtoto aliye malishoni na kaka yake wanaweza kuulizana wakitembea nyuma ya mbuzi, na siku atakaporudi darasani kamba itakuwa haijakatika kabisa.

Basi leo, kabla hamjalala, jaribuni hivi. Mwite mtoto, umuulize Jumatatu walifundishwa nini. Pengine atasema amesahau. Usimsaidie haraka, wala usikasirike. Hesabu hadi 20 moyoni mwako huku unamtazama usoni. Atakachokipata mwanzo huenda kikawa neno moja, labda mchoro ubaoni, labda mfano aliotoa mwalimu. Mshike hapo hapo, umwambie, "Endelea." Tutakutana tena wiki ijayo, saa kama hii. Usiku mwema, wasikilizaji.